Laga Niliyoichora Vizuri Mno

Vijana wangu, kabla hamjagusa kompyuta, jueni kwanza kwamba anayewaandikia ni mwoga. Si mwoga wa nyoka wala wa wezi, hao nimewazoea. Naogopa mstari. Naogopa kushika penseli nikavuta mstari mmoja kwenye karatasi, halafu mtu nisiyemjua akaufuata mpaka mwisho wake.

Mmeniandikia mkitaka niwaeleze jinsi tulivyokuwa tukitengeneza magemu ya watu waliokimbia makwao, hapa hapa Isiolo, na mkaongeza kwamba nisiwe mkali kama zamani. Ukali umeniisha. Huu ni mwaka wa pili tangu nistaafu, magoti yamegoma, na kazi yangu ya asubuhi ni kuwafukuza kuku wa jirani kwenye sukuma wiki yangu. Kazi nimeiacha ila hofu yake sijaiacha, kwa hiyo nitawaandikia hiyo, na mzaha mtaupata humo humo.

Mimi ni mtu wa milimani, wa upande wa Meru. Niliteremka huku nikiwa msichana kuja kuchora ramani katika ofisi moja, enzi za kalamu ya wino na wembe. Ukikosea ulikwangua wino kwa wembe, polepole, na ukikwangua kupita kiasi karatasi ilitoboka na mkubwa wako akakutoboa wewe kwa maneno. Nilijifunza kutokosea. Kona ya mto ikiwa kona kali, niliichora kali. Mlima ukiwa na nundu, niliupa nundu yake. Nilijivunia jambo hilo kuliko watu wanavyojivunia ng'ombe. Kompyuta zilipokuja, ofisi ilitushukuru, ikatupa chai na mandazi, tukaenda nyumbani.

Galgalo alinikuta sokoni nikiuza vitambaa nilivyodarizi mwenyewe. Alikuwa mtoto wa Kinna, amesomea mambo ya kompyuta Nairobi, na alikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi ambamo yeye na wenzake walitengeneza magemu ya simu. Alisema anao watu wa kuandika programu, ila hana mtu wa kumchorea ardhi. Mlima wao ulikuwa umefanana na kichuguu. Nikauangalia kwenye kioo cha simu yake nikacheka mpaka nikaketi, na siku hiyo hiyo nikaajiriwa.

Wazo lake lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulifanya. Huku kwetu watu wameshafukuzana sana, kwa ukame, kwa malisho, kwa visa vya tangu babu zao. Vijana wa upande huu hawajui wale wa upande ule hukimbia vipi, wanajua tu kwamba hukimbia. Galgalo alitaka kijana ashike simu awe mama wa upande wa pili, nyumba inaungua nyuma yake, watoto mbele yake, na aamue aende wapi. Sitataja ni pande zipi. Mnaoishi hapa mnajua, na msiojua hamtapungukiwa na kitu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa ningeweza kumzaa. Neno lake moja ninalolikumbuka hadi leo ni hili: usimuue mchezaji, mwache asubiri. Nilikuwa nimeweka risasi kila kona. Akaziondoa zote. Alinieleza kwamba mchezaji akiuawa huanza upya na kucheka, lakini ukimficha nyuma ya jiwe, ukamsikilizisha pikipiki inayokuja, ikanyamaza karibu naye, na usimwambie kitu kingine, mkono wake utaanza kutoa jasho. Jaribuni. Pikipiki iliyonyamaza inatisha kuliko bunduki inayolia.

Kabla ya kuandika programu tulicheza kila kitu mezani kwanza, kwa karatasi na vizibo vya soda. Kizibo chekundu mama, vya kijani watoto. Siku hizi mnarukia kioo moja kwa moja, na ndiyo maana magemu yenu yanang'aa lakini hayana kitu ndani. Kizibo hakikudanganyi. Kisipokuogopesha mezani, hakitakuogopesha kwenye simu.

Sasa mjue Mama Qabale. Huyu ndiye aliyetupa hadithi. Alikuwa Mborana, mjane, anauza maziwa ya ngamia pale mjini, na alikuwa amekimbia kijiji chake mara tatu katika maisha yake. Binti yake Qabale alikuwa amebaki huko na watoto wake, kwa kuwa mifugo ilikuwa huko. Mama Qabale alikuja kwetu kila alipomaliza kuuza, anaketi, anatoa salaam aleikum kwa watu wote mpaka fundi wa umeme aliyepanda darini, halafu anatukosoa.

Alitukosoa vibaya siku ya kwanza. Juu ya kioo tulikuwa tumeweka nambari: watoto wanne. Ukimpoteza mmoja gizani, nambari inashuka, watatu. Tuliona tumefanya jambo la maana. Mama Qabale aliitazama, akairudisha simu mezani kama kitu kichafu, akauliza ni nani aliyetutuma kuhesabu watoto wake. Kwao mtoto hahesabiwi, wala ngamia. Kuhesabu ni kuita kifo kije kuchukua sehemu yake. Galgalo, mtoto wa Kinna aliyesoma mpaka akasahau, aliinama akakuna shingo. Tukafuta nambari. Badala yake kila mtoto tukampa sauti yake: mmoja anakohoa, mmoja anaburuta kandambili, mmoja anauliza maswali, mmoja anavuta kamasi. Ikawa huna pa kuangalia, unasikiliza tu. Na sauti moja ikikosekana, ndipo unapogeuka nyuma. Kijana mmoja wa ofisini kwetu aliijaribu akasimama ghafla na kumpigia simu mamake.

Alitukosoa pia juu ya mzigo. Sisi tulidhani mtu akikimbia hubeba kitambulisho na picha za ukoo. Yeye alisema alibeba sufuria yenye ugali moto, kwa sababu watoto hawakuwa wamekula, na ilimchoma tumbo hadi leo ana alama. Tukaweka sufuria. Wachezaji walicheka walipoiona. Walipofika katikati ya njia watoto wakaanza kulia njaa, hawakucheka tena.

Basi siku moja Mama Qabale akanieleza mahali walipojificha. Kuna laga, mto wa mchanga usio na maji, na kwenye kona yake ukingo umeliwa chini na mafuriko ya zamani. Ukisimama juu huoni kitu. Ukiteremka kwa njia moja tu, upande wa mti uliolala, unakuta pango linaloweza kuficha akina mama na watoto wa kijiji kizima. Mchanga wa mbele ukiuchimba kwa mkono unapata maji. Mamake alimficha humo, naye akamficha Qabale humo, na Qabale sasa huwaficha wanawe humo. Alinichorea kwa kidole kwenye vumbi la sakafu yetu, nami nikatoa penseli.

Nilikwenda naye mpaka huko. Nilipiga picha, nikapima kwa hatua, nikarudi. Nilichora laga ile kwa wiki tatu. Niliweka kona yake, mti wake, mlima ulio nyuma yake wenye nundu mbili, moja ikiwa imevunjika. Mama Qabale alipoiona kwenye simu alifunika mdomo kwa mtandio na kusema ni kwao kabisa. Mwanamke huyu ambaye hakuwahi kutusifu. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba.

Nilikuwa nimechukua tahadhari, msinidhanie mjinga. Nilibadilisha jina. Kijiji nikakipa jina la kubuni, laga nikaipa jina la kubuni, mlima vilevile. Katika ofisi yetu ya ramani mahali palikuwa jina. Ukifuta jina, pamefutika. Nililala vizuri kwa sababu ya majina yale.

Tulikusanya vijana wa pande zote mbili katika ukumbi mmoja mjini, watu wazima tayari, wengine na watoto wao. Siku ya kwanza tuliwapa gemu kwenye simu zao, na walikuwa wakirushiana wao kwa wao kabla hata chai haijafika. Nilifurahi. Nilimwambia Galgalo gemu letu litafika Sericho kabla yetu.

Siku ya pili nilizunguka nyuma yao nikitazama wanavyocheza. Hiyo ni kazi muhimu, kutazama mikono na wala si kioo. Wengi walikuwa wakipotea kwenye hatua ya laga. Tulikuwa tumeifanya ngumu. Mtu alihitaji karibu nusu saa, na mishale ya kumwelekeza. Kulikuwa na mmoja mwenye kofia nyekundu, wa miaka kama ishirini na mitano, mpole, aliyekuwa amenisaidia kupanga viti asubuhi. Yeye hakuangalia mishale. Alipita kushoto ya mlima, akaiacha njia tuliyoichora, akakata porini, akatokea kwenye laga kwa juu. Dakika chache tu. Kidole chake kilikuwa kinajua. Akatembea juu ya ukingo mpaka kwenye kona, akarudi, akauona mti uliolala, akateremka. Pango likafunguka, watoto wanne wakaingia wakikohoa.

Akasema polepole, si kwangu wala kwa mtu yeyote:

"Kumbe ni hapa walikuwa wanaingia. Sisi tulipita hapo juu."

Nilitazama uso wake nikitafuta kitu, aibu au furaha au chochote, na sikuweza kuusoma. Alizima simu, akaitia mfukoni, akanishukuru kwa heshima akiniita mama, akatoka. Hakurudi baada ya chakula cha mchana. Hakurudi tena.

Nilimvuta Galgalo kando nikamweleza. Kwanza alinitetea, akasema tulibadilisha kila kitu. Nikamwambia nilibadilisha majina.

"Mama Kendi," akasema, "nani huku anatafuta mahali kwa jina?"

Hapo ndipo nilipoelewa miaka yangu yote ya kalamu ya wino. Mchungaji wa ngamia hajui eneo kwa maandishi. Anajua mlima ule unageuza bega wapi, mti upi umelala, mchanga unabadilika rangi wapi. Majina ndiyo kitu pekee nilichoficha, na ndiyo kitu pekee ambacho mtu wa huku hakihitaji. Mmeru mimi nilifunga mlango nikaacha ukuta mzima wazi. Na Galgalo hakuona kwa sababu alikulia kwenye bweni la shule. Alidhani mimi nimegeuza ardhi, nami nilidhani kugeuza ardhi ni kukosea.

Ilikuwa kiangazi kibaya. Malisho yalikuwa yameisha, na sokoni watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba vijana wa upande ule wanakusanyika. Mkitaka kujua hofu ni nini, ni kutembea kutoka ukumbini hadi nyumbani kwa Mama Qabale, njia ya robo saa, ukitafuta maneno ya kumwambia kwamba umemwonyesha adui mlango wa wajukuu zake.

Alinikaribisha chai ya maziwa. Nilimwambia kabla sijaketi. Aliniuliza maswali mawili tu, kwa sauti ya kawaida: je, niliweka mpaka ule mti? Nikasema ndiyo. Na mdomo wa pango unaangalia upande wake ule ule? Nikasema ule ule. Akaweka kikombe chini.

"Nilikuambia wewe," akasema. "Sikuambia simu."

Sijawahi kusikia tena neno lililoniingia namna ile. Alivaa viatu vyake. Huko kijijini simu hazishiki, kwa hiyo ilibidi kwenda. Galgalo akapata gari la kukodi, na alfajiri iliyofuata tukaondoka sisi watatu na dereva. Mtaniuliza ni upande gani. Mtasema ni kupita Korbesa, wengine mtasema ni njia ya Sericho. Semeni tu.

Safari hiyo sikumbuki mandhari, na mimi kazi yangu ni mandhari. Nakumbuka pikipiki. Kila pikipiki iliyotupita niliangalia kama aliyeipanda ana kofia nyekundu. Mmoja alikuwa nayo, kumbe ni mzee mwenye mbuzi mapajani. Katika gemu tuliwafundisha wachezaji kuogopa pikipiki inayonyamaza. Barabarani nilijifunza kwamba hata ile inayopita ikapotea inatisha, kwa sababu imekutangulia.

Tulikikuta kijiji kikiwa kizima, hakijaguswa. Wanawake walikuwa kisimani. Nilimshukuru Mungu wangu, Mama Qabale akamshukuru wake, halafu akawaita na kuwaeleza kwa Kiborana. Mimi Kiborana changu ni cha salamu na bei ya maziwa. Sikuelewa maneno, ila niliona yalipofika kwangu, kwa sababu mmoja baada ya mwingine walinigeukia. Hakuna aliyenitukana. Qabale alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Alikuja mbele yangu akaniuliza kwa Kiswahili, ili niwe na hakika kwamba ni mimi anayeniuliza:

"Sasa tutaingia wapi?"

Hapakuwa na pango jingine. Wazee waliketi asubuhi hiyo, wakaamua wahame, wote, waelekee mjini, mifugo igawanywe kwa jamaa.

Nilikaa nao siku tatu za kufungasha. Walibomoa nyumba zao wenyewe, fito kwa fito, mkeka kwa mkeka, wakazipakia kwenye ngamia. Waliziba kengele za ngamia kwa majani ili zisilie njiani. Kwenye gemu nilikuwa nimeliweka jambo hilo libonyezwe mara moja tu. Kumbe huchukua asubuhi nzima, kwa kuwa ngamia hataki mtu amshike shingo, na mmoja alinitemea mate yote aliyokuwa nayo. Wanawake walicheka kidogo. Nilifurahi kutemewa, nilitamani angalau ngamia aniadhibu.

Tulifika Isiolo salama, sote. Wiki mbili baadaye mchungaji aliyepita pale alileta habari kwamba kwenye mchanga wa laga kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, viatu vya tairi. Zilitoka kwa upande wa mti, zikafika mdomoni mwa pango, zikakaa hapo, zikarudi. Labda alikwenda kuwatafuta, labda alikwenda kuwaomba radhi, nami nimezipima nyayo hizo kichwani mara nyingi kuliko nilivyowahi kupima mto. Sijui. Galgalo naye anasema hajui, na yeye hupenda kujua.

Gemu tulilifuta. Tulizunguka simu kwa simu, tukiwabembeleza watu, mpaka kwenye kompyuta zetu tukafuta kila kitu na mimi nikachoma michoro yangu. Simu moja tu hatukuipata. Tangu hapo hatukuchora tena mahali palipo. Tulichukua mlima huku, laga kule, tukavigeuza kama kioo kinavyogeuza uso, halafu tukamwita mchungaji acheze. Akisema hapa napajua, tulianza upya, hata kama ni kazi ya miezi. Fanyeni hivyo. Na mtu akiwaambia siri yake, muulizeni pia ni nani mwingine anaweza kuambiwa, kabla hamjaiweka mkononi mwa watu.

Yapo magemu yetu yaliyofanya mema. Nimeona mtu mzima akilia kwa ajili ya sufuria ya ugali ya watu aliokuwa akiwachukia, na mtanisamehe nikisema kazi hii ni nzuri. Lakini gemu letu bora kabisa juu ya watu waliofukuzwa makwao ndilo lililowafukuza watu makwao. Hilo liandikeni ukutani, juu ya kompyuta zenu.

Qabale anaishi pembezoni mwa mji sasa, anafulia watu nguo. Mwezi uliopita alikuja kwangu na wanawe wawili. Yule aliyekuwa mgongoni anasoma tayari. Alikunywa chai, tukasemezana habari za kuku, halafu akasema watoto wanamwuliza kwao kunafananaje, naye anashindwa kuwaeleza. Aliuliza kama bado ninalo lile gemu, wacheze kidogo waone. Nikamwambia tulilifuta lote, na huo ni ukweli.

"Basi wachoree," akasema. "Mkono yako inajua."

Watoto wakasogea mezani. Mmoja akanisukumia penseli. Mkono wangu unajua kona ile, na bega la mlima, na mti ulipolala, naweza kuvichora nikiwa nimefumba macho. Nilitazama dirishani, kulikuwa na pikipiki imesimama kwa jirani, imenyamaza.

Nikamwambia Qabale nimesahau. Na ninyi mkija kuniuliza, nimesahau.